"Hai" Isiyo na Maana ya "Ndiyo": Adabu ya Kusikiliza Nchini Japani

Makala haya yanaangazia jambo ambalo kila mwenye masikio hulifanya, lakini ni wachache wanaofikiri kwamba lina kanuni zake. Jambo hilo ni kusikiliza.

Mgeni anayefika Japani kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni la simu. Mjapani akipokea simu ya mkubwa wake wa kazi, utamsikia akisema "hai", kisha "hai" tena, kisha "ee", kisha "soo desu ka", huku akiinamisha kichwa kila mara, ingawa anayezungumza naye hamwoni. Jambo la pili ni la treni. Mtu yuleyule akiingia katika treni ya asubuhi jijini Tokyo, akasongamana na abiria zaidi ya mia moja katika behewa moja, hunyamaza kimya, na abiria wenzake hunyamaza vilevile, hata husikii ila mlio wa magurudumu na sauti ya kipaza sauti ikitaja jina la kituo kinachofuata.

Je, watu hawa ni wa sauti au ni wa kimya? Ukweli ni kwamba mambo haya mawili hutoka katika chemchemi moja. Kwa desturi ya Kijapani, kusikiliza ni kazi, na kazi hiyo ina mwenyewe. Watu wawili wanapozungumza, anayesikiliza ana wajibu wa kutoa sauti ili anayesema asijione yuko peke yake. Watu wengi wasiojuana wanapokuwa mahali pamoja, kila mmoja ana wajibu wa kuzuia sauti yake ili asiwalazimishe wengine kusikiliza wasiyoyataka. Asiyeufahamu msingi huu anaweza kupoteza mengi, kuanzia fedha hadi afya, kama tutakavyoona.

Nyundo mbili juu ya fuawe moja

Sauti fupifupi anazozitoa msikilizaji huitwa kwa Kijapani aizuchi. Asili ya neno hili imo katika karakana ya mhunzi. Tsuchi ni nyundo, na ai ni kiambishi chenye maana ya pamoja au kwa kupokezana. Wahunzi wa panga walikuwa wakifua chuma wakiwa wawili: fundi alipiga pigo lake, kisha mwanafunzi aliyesimama mbele yake akapiga la kwake, pigo kwa pigo, bila nyundo kugongana. Fundi ndiye aliyejua umbo la upanga, lakini bila pigo la pili kazi haikuenda. Hata leo Mjapani hasemi kwamba ametoa aizuchi, bali husema kwamba ameipiga.

Kwetu sisi wazungumzaji wa Kiswahili, jambo hili si geni kabisa. Tunalo neno zuri la kuitikia. Mtambaji wa hadithi akisema "Paukwa", hawezi kuendelea mpaka apate "Pakawa" yake. Na barazani msimulizi husukumwa mbele na "enhe", "kumbe", "alaa" na "ikawaje?" za wenzake. Tofauti iko katika wingi na katika cheo. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mkubwa anapozungumza, mdogo hutulia na kunyamaza. Nchini Japani, mdogo anayenyamaza kabisa humtia mkubwa wasiwasi, naye huenda akakatiza maneno yake na kuuliza kama anasikilizwa. Katika simu wasiwasi huo huzidi: sekunde chache bila aizuchi hutosha kumfanya msemaji aite "moshi moshi?", ambalo ndilo neno la kuitana simuni, akidhani kwamba mawasiliano yamekatika.

Aizuchi zina daraja zake, kama ilivyo kwa salamu. "Hai" ndiyo ya heshima, nayo humfaa mwalimu, mteja na mkubwa wa kazi. "Ee" ni laini zaidi, ingawa bado ni ya adabu. "Un", inayotamkwa puani, ni ya marafiki na jamaa, na kumwambia mkuu wa idara ni utovu wa adabu. "Soo desu ka" ikiteremka sauti mwishoni haiulizi chochote, bali ina maana ya "ahaa, kumbe ndivyo". "Soo desu ne" ni ya kukubaliana na msemaji, lakini ikivutwa kwa urefu huwa ni njia ya kujipatia muda wa kufikiri. "Hontoo desu ka" ni "kweli?" yetu, na "hee" ndefu ni ya mshangao. Iko pia "naruhodo", yaani "sasa nimeelewa". Neno hili ni zuri kwa wenzako, lakini vitabu vingi vya adabu za kazini huwashauri vijana wasimwambie mkubwa wao, kwani hubeba harufu ya mtu anayempa mwenziwe alama za mtihani.

Kadhalika kuna aizuchi ambayo Wajapani huiita oomugaeshi, yaani jibu la kasuku. Mwenzako akisema, "Jana nilikwenda Kyoto," wewe warejesha, "Oo, Kyoto." Hujaongeza lolote, lakini umemthibitishia kwamba neno lake limefika.

Aizuchi nyingi mno nazo zina kasoro yake. Mtoto wa Kijapani anayemjibu mama yake "hai, hai" kwa haraka hukaripiwa na kuambiwa kwamba "hai" husemwa mara moja. Ikirudiwarudiwa mbiombio, maana yake huwa ni "nimekwisha kusikia, niache". Ustadi uko katika wakati. Aizuchi hupigwa pale msemaji anapovuta pumzi, au anapomaliza fungu la maneno kwa kijineno "ne", ambacho kazi yake hukaribia ile ya "sivyo?" katika Kiswahili.

Sarufi inayomngoja msikilizaji

Kwa nini Kijapani kikahitaji maitikio haya yote? Sehemu ya jibu imo katika lugha yenyewe. Katika Kiswahili, mtu akisema "sitakwenda", ukanushi umejulikana tangu silabi ya kwanza. Katika Kijapani kitenzi huja mwishoni mwa sentensi, na ukanushi huja mwishoni mwa kitenzi. "Ikimasu" ni "naenda", na "ikimasen" ni "siendi". Kwa hiyo msemaji anaweza kutaja siku, mahali, sababu na watu aliofuatana nao, na msikilizaji asijue bado kama safari ipo au haipo. Katika mwendo huo mrefu aizuchi huwa kama taa za njiani. Humwambia msemaji kwamba hadi hapa tuko pamoja, aendelee.

Mtaalamu wa ufundishaji wa Kijapani, Nobuko Mizutani, aliyaita mazungumzo ya namna hii kyoowa, yaani maneno yanayojengwa kwa pamoja. Aliyatofautisha na mazungumzo ambamo mmoja humaliza hoja yake yote, kisha mwingine akaanza ya kwake. Katika kyoowa msemaji huweza kuiacha sentensi nusu, na msikilizaji akaimalizia. Mtu aliyelelewa kwa desturi nyingine huenda akaona kwamba amekatizwa, kumbe amesaidiwa.

Wataalamu wa isimu walianza kulichunguza jambo hili kwa makini katika karne ya 20. Mwaka 1970 Mmarekani Victor Yngve alizipa sauti za msikilizaji jina la njia ya nyuma, akiwa na maana kwamba wakati msemaji ameishika njia kuu, msikilizaji naye hutuma ujumbe kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 Senko Maynard alilinganisha mazungumzo ya kawaida ya Wajapani na ya Wamarekani, akaona kwamba Wajapani hutumia sauti hizo kwa wingi zaidi. Na mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilichapisha matokeo ya kupima, katika lugha 10 za mabara mbalimbali, ikiwemo moja ya Namibia, muda unaopita kati ya swali la ndiyo au la na jibu lake. Kidenmaki kilikuwa na wastani mrefu kuliko zote, yaani elfu-sekunde 469, ambazo ni karibu nusu sekunde. Kijapani kilikuwa na wastani mfupi kuliko zote, elfu-sekunde 7 tu. Matokeo hayo huipunguzia nguvu ile dhana iliyoenea kwamba kila Mjapani huanza kwa kunyamaza kabla ya kujibu.

Pale "hai" inapogharimu

Hapa ndipo tunapofikia jambo lenye uzito kwa yeyote mwenye shughuli na Wajapani. "Hai" katika kamusi hufasiriwa "ndiyo". Lakini "hai" ya aizuchi ina maana ya "nakusikia", wala haimfungi mtu kwa lolote.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam au Dubai anayempigia simu muuzaji wa magari yaliyotumika huko Yokohama. Anaomba apunguziwe bei, na gari lipakiwe melini kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa kila neno anasikia "hai", na hata wakizungumza kwa Kiingereza, Mjapani huichukua tabia yake akaitikia kwa "ndiyo" ya lugha hiyo. Mfanyabiashara anaweka simu chini akiamini kwamba wameafikiana. Siku chache baadaye anapokea hati yenye bei ileile ya mwanzo, naye anasema kwamba amehadaiwa. Muuzaji anashangaa, kwani yeye aliahidi lini? Alikuwa akisikiliza kwa adabu.

Dawa yake si ngumu. Maelezo yakiisha, uliza swali ambalo "hai" haiwezi kulijibu: bei mpya ni kiasi gani, na meli itang'oa nanga tarehe ngapi? Kisha omba jibu kwa maandishi. Ukiambiwa "kentoo shimasu", yaani "tutalitafakari", usihesabu kwamba umekubaliwa, kwa sababu mara nyingi hiyo ni njia ya upole ya kuufunga mlango bila kuubamiza.

Upande wa pili wa sarafu unawahusu walio ndani ya Japani. Mwaka 2013, katika mkutano wa tano wa kimataifa wa Tokyo juu ya maendeleo ya Afrika, uliofanyika Yokohama, serikali ya Japani ilitangaza mpango wa kuwaleta vijana wa Kiafrika kusoma shahada ya uzamili na kufanya mazoezi ya kazi katika makampuni. Vijana kutoka Kenya, Tanzania na nchi nyingine wameupitia mpango huo. Kijana anayemsikiliza profesa wake kwa utulivu, macho yakiwa yamemkazia na mdomo ukiwa umefungwa, huamini kwamba anaonyesha heshima. Profesa naye huenda akaona mtu asiyeelewa, au aliyechukizwa. "Hai" moja pamoja na kuinamisha kichwa kidogo, kila fungu la maneno linapokwisha, huondoa dhana hiyo.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko hospitalini. Mgonjwa wa kigeni aliyekwisha kujifunza kwamba "hai" ni adabu humwitikia daktari kuanzia mwanzo hadi mwisho, akatoka na mfuko wa dawa asizojua namna ya kuzimeza. Hapa jibu la kasuku ndilo ngao yake. Daktari akisema mara mbili kwa siku baada ya chakula, mgonjwa arejeshe maneno hayohayo: "Mara mbili kwa siku, baada ya chakula?" Kufanya hivyo si utovu wa adabu hata kidogo. Neno la Kijapani kiku lina maana ya kusikia, ya kusikiliza na pia ya kuuliza, na wastadi wa sanaa ya ubani hulitumia hata kwa kunusa: husema kwamba wanausikiliza ubani. Kwa hiyo anayeuliza bado yumo katika kusikiliza.

Kimya cha wengi

Sasa tutoke katika mazungumzo ya watu wawili, tuingie mahali pa umma. Huko wajibu hugeuka, na sauti ikawa ndiyo kosa.

Simu za mkononi zilipoenea katika miaka ya 1990, makampuni ya reli yalianza kupokea malalamiko ya abiria. Kila kampuni ilikuwa na kanuni yake, hata abiria aliyebadilisha treni mara mbili alikutana na maagizo mawili tofauti. Mwaka 2003 makampuni 17 ya eneo la Tokyo na jirani zake yaliafikiana juu ya kanuni moja: karibu na viti vya kipaumbele simu zizimwe kabisa, na kwingineko abiria wazime mlio na wajizuie kupiga au kupokea. Hali ya simu isiyolia huitwa Japani manaa modo, maana yake hali ya adabu. Jina lenyewe linakuonyesha kwamba suala hili liliingizwa katika mlango wa tabia njema, si katika mlango wa sheria na faini.

Viti vya kipaumbele vilianza tarehe 15 Septemba 1973, Siku ya Kuwaheshimu Wazee, katika treni za Tokyo. Sababu iliyotolewa kwa kuzima simu karibu navyo ilikuwa ya kitabibu, yaani hofu kwamba mawimbi ya simu yangeweza kuvivuruga vifaa vinavyowekwa kifuani kuusaidia moyo kupiga. Simu za kizazi cha zamani zilipoondolewa, mwaka 2013 wizara ilipunguza umbali wa tahadhari kutoka sentimita 22 hadi 15. Kisha reli za eneo la Osaka mwaka 2014, na makampuni 37 ya Japani ya mashariki mwezi Oktoba 2015, yakalegeza kanuni: simu zizimwe karibu na viti hivyo wakati wa msongamano tu. Ombi la kutozungumza kwa simu, hata hivyo, halikuguswa, jambo linaloonyesha kwamba kiini chake hakikuwa mawimbi bali masikio.

Mtu anaweza kuuliza: marafiki wawili wakizungumza kwa sauti ya chini ndani ya treni huvumiliwa, basi kwa nini mmoja mwenye simu asivumiliwe? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo huvuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu akili haiwezi kukisia neno lijalo. Mpiga simu ndani ya behewa huwapa abiria nusu ya maneno, akawaacha wahangaike na nusu iliyobaki. Kwa hiyo katika treni za mwendo kasi za Shinkansen, mwenye simu ya lazima huinuka akaenda kuzungumzia penye milango, nje ya sehemu ya viti.

Baadhi ya adabu za Kijapani humtaka mtu asisikie hata anachokisikia. Nyumba za jadi ziligawanywa kwa milango ya mbao na karatasi, na sauti zilipita bila kizuizi. Waliokaa humo walijifunza kuyaacha maneno ya chumba cha pili yapite kana kwamba hayakusemwa. Katika hekalu la Tooshoo-guu mjini Nikko, ambalo majengo yake makuu yalikamilika mwaka 1636, kuna nakshi mashuhuri ya nyani watatu, na mmoja wao amefunika masikio kwa mikono. Na mwaka 1988 kampuni ya TOTO ilianza kuuza kifaa kiitwacho Otohime, ambacho hutoa sauti ya maji chooni ili jirani asisikie asichopaswa kusikia. Kabla ya hapo wanawake wengi walifungua maji kwa ajili hiyo, na maji mengi yalipotea bure.

Mahali pa kusikilizia

Msikilizaji asidhani kwamba kimya cha Japani ni cha kuogopana tu. Kuna mahali ambapo watu hunyamaza kwa kupenda. Mtaani Shibuya, Tokyo, uko mkahawa uitwao Lion, uliofunguliwa mwaka 1926, ukateketea wakati wa vita na kujengwa upya mwaka 1950. Viti vyake vimeelekezwa upande mmoja, kwenye vipaza sauti vikubwa, na wateja huagiza kahawa na kusikiliza muziki wa santuri bila kuzungumza. Mikahawa ya namna hii ilistawi zama ambazo santuri kutoka ng'ambo ilikuwa ghali, na kwa bei ya kikombe kimoja mwanafunzi aliweza kusikia asichoweza kukinunua.

Kinyume chake ni ukumbi wa kabuki, tamthilia ya jadi. Huko mtazamaji mzoefu aliyeketi juu kabisa nyuma hupaza sauti ghafla na kulitaja jina la ukoo wa kisanii wa mwigizaji, kwa mfano "Naritaya!" kwa wale wa ukoo wa Ichikawa Danjuro. Sauti hiyo hutolewa pale mwigizaji anapoganda katika mkao wake wa fahari. Ikiwahi au ikichelewa, huharibu. Ikija kwa wakati wake, mwigizaji huipokea kama zawadi. Ni aizuchi ileile ya simuni, ila imepanda jukwaani.

Lawama na mageuzi

Adabu hii haikosi wakosoaji miongoni mwa Wajapani wenyewe. Mwanafalsafa Yoshimichi Nakajima aliandika mwaka 1996 kitabu kizima kulalamikia kelele za nchi yake. Hoja yake ilihusu matangazo yasiyokwisha ya vituo vya reli, maduka na vipaza sauti vya mitaani, ambayo humwelekeza mtu mzima kana kwamba ni mtoto. Abiria hunyamaza, lakini vipaza sauti havinyamazi.

Wakosoaji wengine huhofia shinikizo. Wajapani husema mtu aweze "kuisoma hewa", yaani kutambua mambo yasiyotamkwa na wenzake. Mwaka 2007 herufi KY, kifupi cha "asiyeweza kuisoma hewa", zilikuwa miongoni mwa misemo iliyovuma sana nchini, na vijana walizitumia kumkejeli aliyesema neno mahali pasipofaa. Mtandao wa kejeli hizo ukimzunguka mtu, hata mwenye hoja ya haki hukaa kimya, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Waliobanwa zaidi ni wazazi wenye watoto wachanga. Mtoto hajui manaa modo. Mwaka 2015 Tokyo ilirekebisha kanuni zake za mazingira ili sauti za watoto wadogo zisipimwe tena kwa vipimo vya kelele kama mashine za kiwandani, baada ya mivutano kati ya shule za chekechea na majirani. Mwaka uliofuata ilianzishwa kampeni ya vibandiko ambavyo mtu hubandika kwenye simu yake, vyenye maneno ya kumwambia mtoto kwamba hata akilia hakuna neno. Mama aliye garini akikiona kibandiko hicho hupumua.

Janga la korona nalo lilivuta kamba hadi mwisho wake. Shuleni na mikahawani lilienea neno mokushoku, yaani kula kimyakimya, na watoto walikula chakula cha mchana wote wakitazama mbele. Mwishoni mwa mwaka 2022 wizara ya elimu iliziarifu shule kwamba mazungumzo wakati wa kula yanawezekana iwapo hatua zinazofaa zinachukuliwa. Watu wazima waliokutana kwa njia ya video waligundua tatizo jingine: aizuchi ya mmoja iliikata sauti ya mwingine mitamboni. Wengi walizima vinasa sauti vyao, wakabaki kutikisa vichwa kwa nguvu mbele ya kamera. Na tangu Oktoba 2021 Shinkansen ya kati ya Tokyo na Osaka ina behewa la wanaofanya kazi safarini, ambamo kuzungumza kwa simu kitini kunaruhusiwa, maadamu mtu anawajali wenzake.

Mapokeo ya Kijapani yaliyoandikwa katika Nihon Shoki, kitabu cha historia cha mwaka 720, yanamsimulia Mwanamfalme Shootoku kuwa aliweza kuwasikiliza watu kumi kwa mara moja na kuwajibu wote bila kukosea. Haikusimuliwa ili tuisadiki kama habari ya jana. Imehifadhiwa kwa sababu inaonyesha sifa ambayo watu hao walitaka kuiona kwa kiongozi: si wingi wa maneno yake, bali wasaa wa masikio yake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukijaliwa kufika Japani, au ukipokea simu kutoka huko, shika haya machache. Mwenzako anapozungumza, usimwache peke yake, mwitikie. Akikuitikia, usimfunge kwa "hai" yake, bali muulize swali linalotaka jibu. Ukiwa katika treni, zima mlio wa simu, na simu ya lazima ikija, sema kwa neno moja kwamba utapiga baadaye. Na ukiwa mbele ya daktari, mwalimu au mwajiri, rudia alichokuambia kabla hujainuka kitini.